BoxRec: daftari la kumalizia ubishi wa ngumi, ukijua pa kusoma

Ubishi wa ngumi mtaani kwetu Tandika unakwama palepale kila siku. Mtu anataja jina, anataja namba, anakunja mikono. "Mayweather, hamsini kwa sifuri." Mwingine anajibu, "Marciano, arobaini na tisa kwa sifuri." Halafu kelele. Hakuna anayeuliza hao hamsini walikuwa akina nani, walikuwa na umri gani, na walipanda ulingoni wakitokea wapi.

Mimi ni fundi simu. Benchi la mbele ya kibanda changu ndilo wanalokalia wabishi hao: madereva wa bodaboda, vijana wanaotoka kufanya mazoezi, na mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyeanza kufuatilia ngumi enzi za redio. Ubishi ukipamba moto, simu iliyo mkononi mwangu, hata kama ni ya mteja, inageuka mahakama: "Fundi, hebu fungua BoxRec." Nafungua kwenye simu yangu. Kwa hiyo leo naandika juu ya BoxRec yenyewe kama mtu anayeitumia kila siku, kwa kazi moja tu: kupambanua bondia mkubwa kweli na bondia mwenye jina kubwa kuliko kazi yake.

Kwa asiyeijua, BoxRec ni tovuti ya rekodi za ngumi za kulipwa. Ilianzishwa na Mwingereza John Sheppard, na ina zaidi ya miaka 20 sasa. Unaandika jina la bondia, unapata mapambano yake: tarehe, mpinzani, ukumbi, matokeo, raundi. Rekodi zinaingizwa na wahariri waliotapakaa nchi mbalimbali. Kuisoma ni bure, unajisajili tu kwa barua pepe. Kurasa zake ni maandishi na rangi, karibu hazina picha, kwa hiyo haziumizi bando na zinafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini. Kiingereza chake ni cha maneno machache. Ukishajua W ni ushindi, L ni kipigo na D ni sare, umemaliza darasa.

Sasa tuje kwenye kusoma. Juu kabisa ya ukurasa kuna jumla: ushindi kwa kijani, vipigo kwa nyekundu, sare kwa bluu. Wabishi wengi wanaishia hapo. Wanapiga skrinishoti, wanaitupa kwenye kundi la WhatsApp, wanaamini kazi imekwisha. Teremka. Mapambano yamepangwa kuanzia la karibuni kurudi nyuma, na mbele ya jina la kila mpinzani imeandikwa rekodi aliyokuwa nayo siku ile walipokutana, siyo aliyonayo leo. Pembeni yake kuna vimraba vidogo sita vya rangi, na hayo ndiyo mapambano sita ya mwisho ya mpinzani kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo penye mali. Mpinzani mwenye vimraba vitano vyekundu hakuletwa kupigana, ameletwa kuanguka. Ni kibonde. Na ukurasa haumfichi.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni Deontay Wilder. Kijana akisema Wilder ndiye mpigaji mkali kuliko wote waliowahi kutokea, simkatalii. Namwambia tuteremke naye. Hadi mwisho wa mwaka 2014 Wilder alikuwa na ushindi 32, wote kwa KO, yaani kumaliza pambano kabla ya raundi kwisha, na hakuna hata pambano moja lililovuka raundi ya 4. Namba hiyo inatisha. Lakini peleka kidole mpaka miaka ya 2009 na 2010, usome upande wa wapinzani: majina usiyowahi kuyasikia, wengi wakiwa na vipigo tele, vimraba vyekundu vimepangana. Ukipandisha kidogo unakuta majina yaliyowahi kuwa na uzito. Siarhei Liakhovich, bingwa wa zamani, alipigwa raundi ya 1 mwaka 2013. Audley Harrison, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000, naye alipigwa raundi ya 1 mwaka huohuo, na hakurudi tena ulingoni. Wote wawili walikuwa wamekwisha walipofika kwake, na ukurasa unakuonyesha hivyo bila kuongeza neno.

Januari 2015 anakutana na Bermane Stiverne, na kwa mara ya kwanza mtu anamaliza naye raundi 12. Wilder anashinda kwa pointi na kuchukua mkanda wa WBC, mojawapo ya mashirikisho yanayotoa ubingwa wa dunia (mengine ni kama WBA na WBO). Anautetea mara 10. Ndani ya mara hizo 10, jina ambalo mtu anayejua ngumi analipa heshima ni Luis Ortiz, aliyepigwa mara mbili, 2018 na 2019, na sare ya Desemba 2018 na Tyson Fury. Halafu Fury anamvunja raundi ya 7 Februari 2020, anammaliza raundi ya 11 Oktoba 2021. Baadaye Joseph Parker, baadaye Zhilei Zhang. Nyekundu.

Hukumu yangu juu ya Wilder: mkono wa kulia ni wa kweli, mmoja wa mikono mikali kuliko yote ambayo uzito wa juu umewahi kuiona. Ubingwa wake ulikuzwa kuliko orodha ya aliowapiga.

Lakini hapohapo kuna mpaka wa BoxRec, na niutaje mapema kwa sababu ni mkubwa. Pambano la tatu na Fury, Oktoba 2021, kwenye ukurasa wa Wilder ni mstari mmoja mwekundu unaofanana na mwingine wowote. Aliyeliangalia anajua kwamba Wilder alipelekwa chini raundi ya 3, akasimama, raundi ya 4 akamwangusha Fury mara mbili, kisha akaendelea kupigana akiwa amechoka hoi hadi raundi ya 11. Kama kuna usiku uliompa Wilder heshima kwangu, ni ule aliopigwa. Herufi L haijui habari hiyo. Ndiyo maana nasema daftari hili ni la kumalizia ubishi. Pambano lenyewe uwe umelitazama kwanza.

Haya, Floyd Mayweather. Huyu ndiye anayekula muda mwingi kuliko bondia yeyote pale kwenye benchi, na mzee wetu yuko upande wake bila kutetereka. "Mwanangu," ananiambia, "mtu asiyepigwa hapingwi." Mimi namjibu kwa adabu kwamba, mzee wangu, kutopigwa ni jambo moja na kupiga ni jambo jingine. Kisha tunafungua ukurasa.

Pambano la 50 liko juu kabisa: Agosti 2017, Las Vegas, dhidi ya Conor McGregor. Tazama rekodi ya mpinzani kwenye mstari huo. Hakuna kitu. Alikuwa bingwa wa mchezo mwingine, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ulingo wa ngumi za kulipwa. Kwa hiyo ile hamsini inayoimbwa, ya mwisho ilipatikana kwa mtu asiye na hata pambano moja. Mtu anayejenga hoja yake juu ya hamsini anajenga juu ya mstari huo.

Lakini usifunge ukurasa. Teremka mpaka Januari 2001, umwone Diego Corrales, 33 kwa sifuri siku hiyo, kijana mrefu mwenye ngumi nzito. Mayweather alimwangusha mara tano, na watu wa kona ya Corrales wakalimaliza pambano raundi ya 10. Hilo moja lina thamani kuliko mikanda mingi iliyokuja baadaye. Endelea hadi 2002, José Luis Castillo, mara mbili. La kwanza, Aprili, majaji walimpa Mayweather, na watu wengi waliotazama waliona Castillo ameshinda. Kwenye ukurasa ni W ya kijani kama nyingine. Lakini mstari wa Desemba mwaka huohuo una jina lilelile: alirudiana naye mara moja, akashinda tena, safari hii bila kelele kubwa. Bondia anayelinda sifuri tu hafanyi hivyo. Halafu Septemba 2013, Canelo Álvarez, kijana aliyekuwa na 42 bila kupoteza, sare moja. Mayweather alimfundisha raundi 12, na jaji mmoja bado akaandika 114 kwa 114. Mpaka leo sielewi alikuwa anatazama nini.

Kwa hiyo Mayweather ni mkubwa kweli, na ukubwa wake uko kwa Corrales, kwa Castillo wa pili na kwa Canelo. Ile hamsini ni pambo.

Sasa weka pembeni yake ukurasa wa Manny Pacquiao. Mtu asiyejua kusoma ataona vipigo vinane na kuondoka. Viwili vya mwanzo, 1996 na 1999, ni KO za raundi ya 3 alipokuwa bado kijana mdogo, na cha 1999 alikuwa tayari amekwisha kuvuliwa mkanda kwenye mizani kwa kushindwa kufikisha uzito. Baada ya hapo soma safu ya wapinzani polepole, kama mtu anayesoma barua: Marco Antonio Barrera 2003. Juan Manuel Márquez 2004, sare. Erik Morales 2005, Pacquiao akapigwa, kisha 2006 akampiga Morales mara mbili. Oscar De La Hoya 2008. Ricky Hatton 2009, raundi ya 2. Miguel Cotto mwaka huohuo, raundi ya 12. Shane Mosley 2011. Na alipokuwa na miaka 40, Julai 2019, akampiga Keith Thurman, ambaye hakuwa amewahi kupigwa na mtu. Mtu aliyechukua mkanda wake wa kwanza wa dunia mwaka 1998 kwenye uzito wa inzi akaishia kuwa bingwa katika madaraja manane.

Kwangu mimi Pacquiao ni mkubwa kuliko Mayweather. Nasema nikijua kwamba tarehe 2 Mei 2015 walikutana na Mayweather akashinda kwa pointi, wazi kabisa. Mzee huniuliza kila mara: "Sasa mkubwa gani anayepigwa na mdogo?" Namkumbusha kuhusu Ken Norton. Machi 1973 Norton alimpiga Muhammad Ali na kumvunja taya. Hakuna mtu pale kwenye benchi, wala popote ninapopajua, anayemweka Norton juu ya Ali. Pambano moja linakuambia nani alishinda usiku huo. Ukubwa wa bondia ni safu nzima ya wapinzani, na walikuwa katika hali gani alipowakuta.

Na kwa kuwa tumemtaja Ali, hapa ndipo BoxRec inaponipa raha kuliko mahali pengine, maana inakuruhusu kuruka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Gusa jina la mpinzani na unaingia kwake. Jaribu hili: fungua ukurasa wa George Foreman, nenda Januari 1973, Kingston. Joe Frazier, aliyempiga Ali mwaka 1971, hana kipigo. Foreman anammaliza raundi ya 2. Pandisha hadi Machi 1974, Caracas. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya. Foreman anammaliza raundi ya 2. Sasa rudi kwa Ali, tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa. Mpinzani: Foreman, 40 kwa sifuri. Matokeo: W, KO, raundi ya 8. Watu wawili waliokuwa wamempiga Ali kufikia siku hiyo walikuwa wamefagiliwa na Foreman kwa jumla ya raundi nne, na Ali mwenye miaka 32 akamlaza Foreman mwenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda ambaye alikuwa akiamini Ali ni maneno na mbwembwe, nilimwonyesha mistari hiyo mitatu, moja baada ya nyingine. Alichukua simu, akarudia mwenyewe kugusa majina. Hakuniuliza swali.

Mike Tyson nitampitia haraka, ingawa najua ni kumgusa mtu pabaya. Bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20, Novemba 1986, hakuna aliyewahi kuwa mdogo kuliko yeye. Michael Spinks, asiyepigwa, sekunde 91. Hakuna shaka kwamba kati ya 1986 na 1988 alikuwa moto. Lakini Larry Holmes, ambaye Tyson alimpiga Januari 1988, alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana tangu Aprili 1986. Tarehe ziko pale, kokotoa. Na ukitafuta pambano moja ambalo Tyson alikutana na bondia mkubwa aliyemrudishia ngumi, akazidiwa, kisha akageuza na kushinda, utatafuta mpaka bando liishe. Buster Douglas, Holyfield mara mbili, Lennox Lewis: hao wote walimpiga. Kasi ile na hofu ile zilikuwa za kweli. Kumweka juu ya Ali, Joe Louis au hata Holmes wa ujana wake ni mapenzi tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa namba inayolevya: John Mugabi wa Uganda, yule waliyemwita Mnyama. Fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, kisha zaidi ya ushindi 20 wa kulipwa, kila mmoja kwa KO, hadi Machi 1986 alipopanda na Marvin Hagler pale Las Vegas. Akaanguka raundi ya 11. Mwaka 1989 akapata mkanda wa WBC kwa kumpiga René Jacquot, mwaka uliofuata Terry Norris akamlaza raundi ya 1, na 1991 Gerald McClellan naye raundi ya 1. Ukisoma wekundu tu utasema alikuzwa. Mimi nasema hapana. Raundi 11 na Hagler yule, wakibadilishana ngumi kama zile, ni kazi ambayo mabingwa wengi wa leo hawataijaribu. Na Mganda mwenzake, Ayub Kalule, ambaye vijana hawamjui kabisa, alikuwa bingwa wa WBA tangu 1979 na alikuwa hajapoteza pambano alipokutana na Sugar Ray Leonard Juni 1981. Kama unaandika orodha ya mabondia wakubwa wa ukanda huu na Kalule hayumo, irudie orodha yako.

Nyumbani sasa. Hassan Mwakinyo wa Tanga. Septemba 2018, Birmingham, akamlaza Sam Eggington raundi ya 2. Usiku ule mtaa mzima ulikuwa macho. Siku zilizofuata jina lake lilipanda vibaya sana kwenye orodha ya BoxRec, magazeti yakaandika nafasi hiyo kana kwamba ni mkanda. Halafu Septemba 2022, Liverpool, akashindwa na Liam Smith raundi ya 4, na watu walewale waliomwita mfalme wakamwita wa kubebwa.

Wote walikosa kusoma. Gusa jina la Eggington: mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo alikuwa amemlaza Paulie Malignaggi, bingwa wa zamani wa dunia katika madaraja mawili. Hakuwa kibonde hata kidogo. Mwakinyo alimpiga mtu mzima, kwao, mbele ya watu wake. Gusa jina la Smith: bingwa wa zamani wa WBO, na miezi minne tu baada ya Mwakinyo akamlaza Chris Eubank Jr. raundi ya 4, Manchester. Kupigwa na mtu huyo siyo aibu. Namna pambano lilivyokwisha ndiyo watu wanabishania, na hilo BoxRec haina la kusema. Ninachokisoma mimi kwenye ukurasa wa Mwakinyo ni ushindi mmoja mkubwa sana wa ugenini, na uhaba wa majina ya kiwango hicho pande zote mbili za ushindi huo. Ana kipaji cha kweli. Anachohitaji ni wapinzani watakaofanya kipaji hicho kiandikwe.

Francis Cheka wa Morogoro anasomwa vibaya kwa upande wa pili. Watu wanaona vipigo vya ugenini wanasema ni bondia wa nyumbani tu. Desemba 2013, Moscow, Fedor Chudinov alimmaliza raundi ya 3. Fungua ukurasa wa Chudinov: mwaka 2015 alimpiga Felix Sturm na kuwa bingwa wa WBA. Cheka alikutana na bingwa wa kesho, kwao, wakati wa baridi. Vilevile Fatuma Zarika wa Kenya: ukurasa wake una vipigo vingi tu, halafu Oktoba 2016 anasafiri hadi Flint, Michigan, na kumvua Alicia Ashley mkanda wa WBC. Mtu anayesafiri kwenda kupigana kwa wenyewe, tena mbele ya majaji wa kwao, rekodi yake haiwezi kuwa safi kama ya mtu anayeletewa wapinzani ukumbini kwake. Ukisoma rekodi za mabondia wetu bila kutazama safu ya ukumbi unawadhulumu.

Hapo pia nieleze udhaifu mwingine. Rekodi za mabondia wa zamani wa Afrika zina mapengo. Mapambano mengi ya miaka hiyo hayakuandikwa mahali popote ambapo mhariri angeyaona, na hilo siyo kosa la tovuti. Ubishi wa Rashid Matumla na Maneno Oswald, ambao ulijaza kumbi na vibaraza vya Dar es Salaam kwa miaka, usitegemee kuumaliza kwa namba pekee. Muulize aliyekuwepo.

Halafu ngumi za ridhaa. Ukurasa wa rekodi unahesabu mapambano ya kulipwa. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu Seoul 1988, akimlaza Laurent Boudouani kwenye fainali, na Boudouani huyohuyo baadaye akawa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni, akiwa na miaka 26. Ukisoma rekodi yake ya kulipwa tu utadhani alikuwa wa kawaida. Teófilo Stevenson wa Cuba, dhahabu tatu mfululizo, 1972, 1976 na 1980, hakupigana ngumi za kulipwa kamwe. Kwa namba za kulipwa hana kitu kabisa.

Kwa mambo ya namna hii fungua sehemu yao ya ensaiklopidia, ambayo wengi hawaijui. Imeandikwa kwa maelezo, na mapambano makubwa yana kurasa zake. Pale ndipo utakuta, kwa mfano, kwamba Machi 1990 Julio César Chávez alimmaliza Meldrick Taylor zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi ya 12 iishe, wakati Taylor anaongoza kwenye karatasi za majaji wawili. Na kwamba Septemba 1993, Chávez akiwa na 87 kwa sifuri, sare aliyopewa dhidi ya Pernell Whitaker iliwakasirisha watu wengi walioona Whitaker ameshinda wazi. Bluu moja kwenye ukurasa wa Chávez ina hadithi kubwa kuliko kijani themanini.

Kitu kimoja ambacho nawaomba wabishi wakiache kabisa ni ile orodha ya nafasi inayopangwa na kompyuta. Inakokotoa pointi kutokana na matokeo, na kanuni yenyewe imebadilishwa mara kadhaa, ndiyo maana unaweza kuona bondia amepanda au kushuka bila kupanda ulingoni. Inafaa kujua nani anakaribiana na nani leo katika daraja fulani. Kuitumia kuamua kati ya Sugar Ray Robinson na Mayweather ni kuipa kompyuta kazi isiyoiweza.

Kwa bei ya bure, kwa wepesi wake na kwa uaminifu wa ile safu ya wapinzani, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ninaizuia kwa sababu ya mapengo ya kwetu, na kwa sababu ukurasa wa kwanza unaweka namba ya jumla kwa herufi kubwa, kitu kinachowapa wavivu silaha. Mwanafunzi wa ngumi, kocha anayetafutiwa mpinzani wa kijana wake, mwandishi wa michezo, na hasa mzazi anayeambiwa na promota kwamba mpinzani wa mwanawe ni wa kawaida tu: fungueni, angalieni vile vimraba sita kabla hamjatia saini.

Na kama unataka kujipima usomaji wako, usianze na majina ya mabango. Andika Ezzard Charles, bingwa wa zamani wa uzito wa juu. Kwa kuwa ukurasa unaanza na la mwisho, utakutana kwanza na miaka ya 1955 hadi 1959, nyekundu juu ya nyekundu, akipigwa na watu ambao zamani wasingembebea hata ndoo. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomuua mwaka 1975 unadhaniwa na wengi kuwa ulishaanza kumla. Pita hapo. Pita Rocky Marciano mara mbili mwaka 1954, pita Joe Louis, ambaye Charles alimpiga 1950. Teremka mpaka miaka ya 1940, upunguze mwendo: Charley Burley, bondia ambaye wakubwa wengi walimkimbia, mara mbili mwaka 1942, Charles akiwa kijana wa miaka 20. Jimmy Bivins na Lloyd Marshall walimpiga mapema 1943. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akarudi akawapiga wote wawili, tena na tena. Archie Moore, 1946, 1947, 1948: W, W, W.